Je, wajua? Ndege yenye uwezo wa kufika London bado si safari ya London

Kila ndege mpya ya Air Tanzania ikitua Dar es Salaam na kumwagiwa maji ya kuikaribisha, huku Tanga orodha ya miji huanza kutungwa jioni hiyohiyo. Barazani Ngamiani utasikia London. Chumbageni watakuambia Muscat, maana wengi wana shangazi au binamu huko. Kijana mwenye simu ataapa kwamba ameona mahali ni New York. Halafu huja swali linalowagusa wote: na hapa Tanga itatua lini?

Ni maswali ya haki na yanastahili jibu la kueleweka. Kama ndege ipo, imelipiwa, na ina uwezo wa kufika huko mbali, kwa nini safari isianze wiki ijayo?

Tuanze na uwezo, kwa sababu ndilo jambo jepesi kuliko yote. Dreamliner ya Boeing, aina ya 787-8, inaweza kuruka takriban kilomita 13,500 bila kutua. Air Tanzania ilipokea ya kwanza Julai 2018, ya pili Oktoba 2019 na ya tatu Agosti 2024. Kutoka Dar hadi London ni kama kilomita 7,500. Guangzhou, China, iko mbali kuliko London, na Dreamliner zetu zimeshafika huko. Mumbai, ambako Dreamliner zetu zilianza kwenda Julai 2019, ni karibu zaidi. Kwa hiyo anayesema "ndege yetu inaweza" anasema kweli. Ugumu unaanza baada ya hapo, na unaanzia kwenye viti.

Dreamliner za Air Tanzania zina viti 262: vya daraja la biashara 22, vya kawaida 240. Chukulia shirika linataka kwenda London mara tatu tu kwa wiki. Kwenda na kurudi, wiki nzima ni viti 1,572. Kwa mwaka ni viti 81,744. Tuseme ili njia ilipe inabidi robo tatu ya viti hivyo vikaliwe: hao ni zaidi ya watu 61,000 waliolipa nauli, na waliolipa nauli ya kutosha, si ile ya kutupa inayotangazwa kuvuta watu. Wanatakiwa Julai watalii wanapomiminika, na wanatakiwa pia Aprili na Mei, masika inaponyesha na hoteli nyingi za pwani zinabaki na walinzi na wapishi. Daladala ya Amboni inaweza kusubiri kituoni mpaka ijae. Ndege huondoka kwa saa yake, na Dreamliner hutumia takriban tani tano za mafuta kila saa ya safari. Ikibeba watu 60 badala ya 260 itakuwa nyepesi kidogo, lakini bili ya mafuta haitapungua kwa kiasi cha kuokoa hesabu.

Ndiyo maana swali la kwanza la watu wanaopanga njia ni nani anakwenda, anakwenda kufanya nini, na kurudi ndege itambeba nani. Mumbai ina majibu: wagonjwa wanaofuata matibabu India, wafanyabiashara, na familia zenye asili ya huko ambazo zimekuwa pwani hii kwa vizazi. Guangzhou ina Kariakoo. Mfanyabiashara anakwenda na begi moja, anarudi na mzigo, na tumbo la ndege linaingiza fedha hata pale viti vya juu havijajaa. Njia yenye mzigo wa uhakika huvumilia miezi mibaya.

London nayo ina watu, tena wengi. Shida ni kwamba watu hao wana wenyewe tayari. Hapa ndipo mazungumzo yetu mengi yanapopita haraka mno, na mimi naona ndipo penye kiini. Ndege ya Ethiopian ikiondoka Dar kwenda Addis Ababa haijazwi na watu wa Addis. Katika safu moja ya viti utakuta anayekwenda Frankfurt, anayekwenda Washington na mwingine wa Guangzhou, wote wataachana Addis na kila mmoja kupanda ndege nyingine. Qatar Airways hufanya hivyo Doha, Emirates Dubai, Turkish Istanbul, KLM Amsterdam. Ndege moja inajazwa na miji hamsini. Ndege ya moja kwa moja ya Dar hadi London inatakiwa ijazwe na London peke yake, na abiria wa London tayari ana njia tano au sita za kuchagua, baadhi zikiwa na bei nafuu kwa sababu hizo ndege zingeruka hata bila yeye.

British Airways walikuwa wakiruka kati ya London na Dar, wakaacha mwaka 2013. Hilo ni shirika lenye makao yake Heathrow, kiwanja kikubwa cha London, lenye ndege za kila ukubwa na jina linalojulikana dunia nzima. Sisemi kwamba waliloshindwa wao sisi hatuliwezi. Nasema anayetaka kurudi kwenye njia hiyo lazima awe na dawa ya kujaza viti ambayo wao hawakuwa nayo, na kwa Air Tanzania dawa hiyo ni kukusanya abiria kutoka kwa majirani: Lubumbashi, Lusaka, Harare, Entebbe, Hahaya kule Komoro, pamoja na Mwanza, Mbeya na mikoa mingine ya kwetu. Njia ya mbali hulishwa na njia za karibu. Zile za karibu zikiyumba, ya mbali hufa kwanza.

Na zimewahi kuyumba, kwa sababu ambazo shirika halikuzitengeneza. Airbus A220, ndege zake za njia za karibu, zilikumbwa na matatizo ya injini yaliyoyapata mashirika mengi duniani, na mwishoni mwa 2022 Air Tanzania ililazimika kuziegesha baadhi. Injini za Rolls-Royce Trent 1000 zilizomo kwenye Dreamliner nazo zina historia ndefu ya kurudishwa karakana kabla ya muda. Sasa piga hesabu ya London ukijua hilo. Saa kama kumi kwenda, saa kama kumi kurudi, na katikati ndege isafishwe, ijazwe mafuta, ikaguliwe. Siku nzima imekwisha. Anayetaka kwenda kila siku amejifunga ndege moja kabisa, na anahitaji nyingine pembeni kwa siku ya hitilafu. Ukiwa na Dreamliner tatu kwenye karatasi, asubuhi fulani unaweza kuwa nazo mbili, na hizo mbili zina Mumbai na Guangzhou zinazosubiri.

Tuseme viti vina watu na ndege ziko salama. Bado ruhusa.

Kwa Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, anga ya nchi ni mali ya nchi. Hakuna shirika linaloamka na kuruka kwenda kwa mtu. Serikali mbili husaini makubaliano, hutaja mashirika yatakayoruka, na mara nyingi hutaja hata idadi ya safari. Watu wengi wanaosikia kwenye taarifa ya habari kwamba Tanzania imesaini makubaliano ya anga na nchi fulani hudhani ndege inaanza mwezi ujao. Makubaliano hayo ni mlango tu. Nchi nyingi zimesaini na hakuna ndege iliyowahi kupita.

Kuna mfano ninaoupenda hapa nyumbani. Kwa miaka mingi KLM imekuwa ikitua kiwanja cha Kilimanjaro (KIA), ikashusha watalii, kisha ikaendelea Dar. Viti vinabaki wazi kati ya KIA na Dar, lakini huwezi kukata tiketi ya kipande hicho. Kubeba abiria ndani ya nchi ni haki ya mashirika ya nchi yenyewe, na nchi karibu zote duniani huilinda hivyo.

Baada ya makubaliano huja usalama. Nchi unayokwenda haiangalii ndege yako tu. Inaangalia pia mamlaka inayoisimamia nchini kwako. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga yake, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yenye leseni ya Tanzania. Uingereza ilishatoka kwenye Umoja huo na ina utaratibu wake, lakini ramani inasema ukweli wake: kutoka huku kwenda London, njia fupi hupita juu ya Ulaya. Kila anayezungumzia Paris, Frankfurt au London inambidi aanzie hapo. Kazi ya kurekebisha kasoro za ukaguzi ni ya wahandisi, wakaguzi na makaratasi, haina sherehe wala maji ya kumwagia, na kwa maoni yangu ndiyo kazi yenye thamani kubwa kuliko ununuzi wa Dreamliner ya nne.

Kisha kiwanja chenyewe. Viwanja vilivyojaa kama Heathrow hugawa saa za kutua na kuruka, na aliye na saa hizo hazitoi bure. Mwaka 2016 iliripotiwa kwamba Oman Air ililipa dola milioni 75 za Marekani kupata saa za kutua na kuruka mara moja kwa siku pale Heathrow, na aliyeziuza ni Kenya Airways. Ndiyo sababu mashirika mengi hutafuta Gatwick, kiwanja kingine cha London, kwanza.

Hao jirani zetu wa Kenya wanatupa kipimo kizuri cha muda. Februari 2017 mamlaka ya anga ya Marekani iliipandisha Kenya daraja la kwanza la usalama, baada ya kazi ya miaka. Ndege ya kwanza ya Nairobi hadi New York iliruka 28 Oktoba 2018. Kutoka kibali kikubwa hadi tairi kuacha ardhi ulipita zaidi ya mwaka na nusu, kwa shirika lililokuwa na Dreamliner zake tayari.

Tarehe hiyo nayo ina somo. Ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, siku ratiba za dunia zinapoingia msimu wa baridi wa kaskazini. Msimu mwingine huanza Jumapili ya mwisho ya Machi. Safari nyingi mpya huanzia karibu na siku hizo mbili. Ukisikia uvumi, tafuta namba ya safari, siku za wiki, saa ya kuondoka, na kama tiketi inauzwa kweli. Kiongozi akisema kwenye sherehe "tutakwenda", hayo ni matumaini, na matumaini si dhambi. Tiketi ikiuzwa, hiyo ni ahadi yenye pesa za watu ndani yake.

Sasa Tanga. Dreamliner iliyojaa inataka njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita mbili na nusu. Ya Dar ina mita 3,000. Yetu ni ya kilomita moja na ushei, na ndege tulizozizoea ni Cessna Caravan za abiria kumi na kitu, zinazotuunganisha na Pemba, Zanzibar na Dar. Wengi huishia hapo: wangetujengea njia ndefu, ndege zingekuja.

Zisingekuja, na sababu iko kwenye ramani. Pima kilomita 300 za angani kutoka Tanga. Ndani yake kuna Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Kilimanjaro, vyote vikipokea ndege za kutoka mbali. KIA ina njia ya zaidi ya mita 3,600 iliyofunguliwa 1971, ina mlima mrefu kuliko yote Afrika mlangoni na Serengeti nyuma yake, na bado ndege nyingi za Ulaya zinazotua pale hugawana abiria na Zanzibar au Dar ili zijae. Tanga itajaza viti 262 kwa kitu gani ambacho hao wanne hawana?

Tuna vyetu, na vinakua. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani. Bandari imechimbwa hadi kina cha mita 13, meli kubwa zinafunga gatini. Usambara, Pangani na Saadani zipo. Hayo yote huzaa abiria wa Dar, Zanzibar na Nairobi, wa mara kwa mara, wanaolipa. Hao ni abiria wa ndege ya kati. Bombardier Q400 ya Air Tanzania, yenye viti 76, inataka njia ndefu kuliko yetu, lakini karibu nusu tu ya ile ya Dreamliner.

Na hapa kuna jambo ambalo mama wa Chumbageni anayekwenda Muscat kumwona bintiye atalielewa kuliko mtu yeyote. Leo anapanda basi alfajiri, Segera, Chalinze, hadi Dar, kilomita kama 350, akiomba Mungu foleni isimkoseshe ndege. Akikata tiketi mbili tofauti, ya Tanga na ya Muscat, ya kwanza ikichelewa hasara ni yake. Tiketi ikiwa moja, begi hupokelewa Tanga na kuchukuliwa Muscat, na akikosa ndege ya pili kwa kuchelewa kwa ya kwanza, shirika ndilo linalomtafutia kiti kingine. Mkutano wa wadau wa usafiri ukifanyika tena mkoani, mkono ukanyoshwa nyuma ya ukumbi, natamani swali liwe hili: lini ndege ya Tanga itapangiwa saa zinazowahi ndege za mbali pale Dar na Zanzibar, na lini tutauziwa tiketi moja?