Dafina: ukiikuta ardhini, toa taarifa

Taarifa za watu kuchimba magofu na vilima wakitafuta "mali ya Mjerumani", yaani dhahabu inayodaiwa kufukiwa na Wajerumani enzi za utawala wao, zinaendelea kutufikia, hivyo tunalazimika kulieleza jambo hili tena.

Dafina ni neno la asili ya Kiarabu, kutoka kitenzi dafana, yaani kuzika. Hazina inaweza kuwekwa ghalani, mlinzi mlangoni. Dafina imefukiwa, na aliyeifukia hakurudi. Thamani yake kwa taifa imo katika namna ilivyolala.

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wanaakiolojia walifukua zaidi ya sarafu 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu. Sarafu za fedha ni ndogo mno, zina majina ya watawala wa pwani akiwemo Ali bin al-Hasan, na maandishi ya upande mmoja yanakamilishwa kwa vina upande wa pili. Sarafu hizo hazikuandikwa mwaka. Dinari ndizo zenye mwaka, na kwa kuwa zote zilikutwa pamoja, tukajua kwamba watu wa pwani walikuwa wakipiga fedha yao wenyewe katika karne ya 11. Zingeuzwa kwa sonara mojamoja, tusingejua lolote.

Kuhusu Mjerumani: ni kweli sarafu za dhahabu za rupia 15 zilipigwa Tabora mwaka 1916, lakini zilipigwa ili zitumike, si ili zifukiwe. Lile zege lenye namba kileleni mwa kilima, ambalo wachimbaji hudhani linaonyesha mali ilipofichwa, ni alama ya wapima ardhi. Halina kitu chini yake, na kulivunja ni kosa. Tumeshasema hili mara nyingi mno.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inakataza kufukua bila leseni, hata katika shamba lako mwenyewe. Inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na anayekuta kitu kama hicho anapaswa kutoa taarifa bila kuchelewa. Kukificha, kukiuza au kukisafirisha nje bila kibali ni makosa yanayoweza kukufikisha mahakamani. Zanzibar ina sheria yake.

Jembe likigonga chungu au sarafu, hujakosa lolote. Acha kulima hapo, usikioshe, usikisugue, weka alama, kisha nenda ofisi ya serikali ya kijiji au ya mkuu wa wilaya ili Idara ya Mambo ya Kale ijulishwe.