Dola 52 za kazini: mji haujipangii wenyewe

Kila Januari, mishahara ya kwanza ya mwaka ikitoka, simu za ofisi yetu ya kodi hapa Pennsylvania hazitulii. Wanaopiga ni wafanyakazi wa viwandani, maghalani na hospitalini, wakiwemo ndugu zetu kutoka Kongo wanaoishi Lancaster, Erie na Pittsburgh. Swali ni lile lile: hii dola moja ya kila wiki, yaani kodi ya huduma za mji (Local Services Tax), inakwenda wapi, na nani kawaruhusu kuikata?

Aliyeruhusu ni jimbo. Mji hauwezi kumtoza mtu kwa sababu tu anafanya kazi ndani ya mipaka yake, mpaka sheria ya jimbo iruhusu na kutaja kiwango. Kwa miaka mingi kiwango hicho kilikuwa dola 10 kwa mwaka. Mwaka 2005 kikapanda hadi 52, na pale zilipokatwa zote kwa mkupuo, mwenye mshahara mdogo aliumia. Bunge la jimbo likarekebisha sheria, na tangu Januari 2008 kodi inayozidi dola 10 lazima igawanywe kwa vipindi vya malipo: anayelipwa kila wiki hukatwa dola 1, kila wiki mbili dola 2. Angalau robo ya mapato ya mji hutakiwa kwenda kwenye huduma za dharura. Miji iliyo katika dhiki kubwa ya kifedha inaweza kupewa ukomo wa dola 156, kama ilivyotokea Harrisburg mwaka 2016. Philadelphia iko nje ya utaratibu huu.

Sasa tuelewane. Kodi hii inafuata mahali unapofanya kazi, si unapolala. Kutuambia "mimi siishi huko" hakubadilishi chochote, na tumelieleza hili mara nyingi mno.

Mwenye kazi mbili halipi mara mbili. Mpelekee mwajiri wa pili nakala ya karatasi ya mshahara inayoonyesha makato ya kwanza, pamoja na tamko lako la maandishi kuhusu mwajiri wako mkuu. Usipopeleka, atakata, naye hana kosa.

Linalotusikitisha zaidi ni msamaha kutodaiwa. Kodi ikizidi dola 10, mji unalazimika kumsamehe yeyote ambaye kipato chake cha kazi ndani ya mji huo hakifiki dola 12,000 kwa mwaka. Msamaha huu hauji wenyewe. Mwajiri anapaswa kukupa fomu unapoanza kazi. Ijaze, ambatisha karatasi za mwisho za mshahara au fomu za W-2 (taarifa ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka mzima) za mwaka uliopita kutoka kazi zako ndani ya mji huo, kisha nakala moja mpe mwajiri na nyingine ilete kwenye ofisi ya kodi ya mji. Fomu ni ya mwaka mmoja tu. Kipato kikivuka kiwango katikati ya mwaka, makato yanaanza, na yale yaliyorukwa hukatwa kwa pamoja. Hapo usimgombeze mhasibu wenu. Ndivyo sheria inavyomwagiza.

Uliyekatwa kimakosa, omba marejesho kwa maandishi katika mji uliopokea fedha, ukiambatisha ushahidi wa makato yote. Marejesho yasiyozidi dola 1 hayalipwi.