Daktari wa mbwa wako: maswali yanayoulizwa mbwa akiwa ameshalegea

Nianze lini kumtafuta daktari wa mbwa wangu?

Wiki ileile unayomleta nyumbani, akiwa bado anaruka na kula. Wengi huanza siku mbwa anapotapika, saa tatu usiku, wakiuliza majirani namba ya mtu yeyote "anayejua mbwa". Hapo huchagui tena, unamchukua atakayepokea simu. Mpeleke akiwa mzima apimwe uzito, joto na kinyesi, na afunguliwe kadi. Daktari aliyemwona akiwa mzima anajua uzito wake na rangi ya fizi zake, na siku akiugua hataanza kwa kubahatisha.

Kuna kijana anapita mtaani na begi, anachoma mbwa sindano. Si daktari huyo?

Daktari wa mifugo ana shahada ya tiba ya wanyama, ambayo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro husomwa miaka mitano, na amesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania. Kenya wanasajiliwa na Bodi ya Veterinari ya nchi hiyo. Wapo pia wasaidizi wenye stashahada au cheti. Wengi wao ni hodari wa kuchanja na kutoa huduma ya kwanza, ila kupasua si kazi yao. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo ni muuzaji wa dawa. Kushika sindano hakumfanyi mtu kuwa daktari. Muulize jina kamili na namba ya usajili bila kuona haya. Aliyesajiliwa atakutajia, na anayekasirika ameshakupa jibu.

Mtoto wa mbwa anaharisha damu. Jirani anasema ni minyoo, nianze na dawa ya minyoo ya dukani?

Hapana. Damu kwenye kinyesi cha mtoto wa mbwa aliye chini ya miezi sita, hasa asiyemaliza chanjo, ihesabu kuwa ni parvo, ugonjwa wa kirusi, mpaka daktari aseme sivyo.

Kirusi cha parvo hushambulia utando wa ndani wa utumbo, na pia uboho wa mifupa unaotengeneza chembe nyeupe za damu. Utumbo ukichubuka, maji na damu vinamwagika, bakteria wa tumboni wanapenya hadi kwenye damu, na chembe za kuwapiga zimepungua. Kinachomuua ni kukauka maji na sumu ya bakteria hao. Dawa ya minyoo haigusi lolote kati ya hayo, na mbwa anayetapika ataitapika hata hiyo.

Piga hesabu. Mbwa wa kilo 3 aliyepoteza maji asilimia 10 ya uzito wake amepungukiwa na mililita 300. Sindano ya mililita 2 ya "vitamini" itajaza pengo hilo vipi? Anahitaji dripu ya mshipani, dawa ya kuzuia kutapika, antibayotiki ya sindano, na mtu wa kumwangalia usiku na mchana kwa siku kadhaa. Anayewekewa dripu mapema mara nyingi hupona. Anayezungushwa madukani siku tatu mara nyingi hufika kufa tu.

Lakini ametapika mara mbili tu. Nisubiri kesho?

Usisubiri. Mtoto wa mbwa aliyetapika mara mbili na kukataa chakula aende leo. Bonyeza fizi yake kwa kidole na kuachia: weupe unapaswa kurudi kuwa waridi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au fizi zikiwa zimepauka, zimekuwa za manjano au zinanata, hata "leo jioni" ni mbali. Ondoka sasa.

Na mbwa mkubwa anaweza kusubiri?

Naye asisubiri akiwa na fizi zilizopauka, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, degedege, au tumbo lililovimba huku akijikamua kutapika bila kitu kutoka. Mkojo wa namna hiyo kwa mbwa mwenye kupe mara nyingi ni babesia, yaani vijidudu vinavyopasua chembe nyekundu za damu. Hupimwa kwa tone la damu na darubini. Kuna mazoea ya kununua dawa ya ndigana au nagana ya ng'ombe na kumchoma mbwa kwa makadirio ya macho. Acheni. Baadhi ya dawa hizo, kama diminazini, zikizidi kidogo tu huharibu ubongo wa mbwa, na hakuna dawa ya kuurudisha.

Nikifika kliniki, niangalie nini?

Tazama mikono ya daktari kabla ya kutazama jengo. Je, amempima mbwa uzito kwa mizani kabla ya kuvuta dawa? Ameingiza kipimajoto? Joto la kawaida ni kama nyuzi 38 hadi 39.2, kwa hiyo mbwa wa nyuzi 39 hana homa. Amefunua mdomo, amesikiliza moyo, amepapasa tumbo? Anayechoma sindano tatu kabla ya kumgusa mbwa, mshukuru uondoke.

Kisha friji. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyopata joto huwa maji matupu, na mwenye mbwa hujua hivyo siku mbwa "aliyechanjwa" anapoharisha damu. Anayekuja nyumbani awe na kasha la barafu, si chupa mfukoni. Chanjo ya parvo huwa na kichupa cha unga na cha maji, vichanganywe mbele yako na itumike papo hapo. Lebo ya kichupa, yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha, ibandikwe kwenye kadi. Kadi yenye mhuri bila lebo haikuhakikishii kitu.

Uliza pia ratiba. Chanjo ya parvo huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16, kwa sababu kinga ya maziwa ya mama inaweza kuizima chanjo ya mwanzo. Anayekwambia moja inatosha kwa mtoto wa wiki 6 hakufai. Mwisho, uliza nani anapokea simu usiku, na kama yeye halazi mbwa wagonjwa, anakupeleka kwa nani.

Mbwa ana maumivu. Nimpe diklofenaki au brufeni nusu?

Hapana, hata robo. Hutoboa tumbo na kuua figo za mbwa. Panadol nayo usimpe kwa kukisia.

Mbwa ameng'ata mtu. Nimpigie daktari wa mbwa?

Kwanza aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili za kichaa zikishaanza, tiba hakuna. Halafu mpigie daktari au ofisi ya mifugo, na mbwa afungiwe peke yake bila kuuawa. Chanjo yake ya kichaa hutolewa akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka.

Nipo kijijini, daktari wa mbwa yuko mjini tu.

Anza na afisa mifugo wa kata. Akupe namba ya daktari wa wilaya, nawe mpigie leo, kabla hujamhitaji, umuulize kama anatibu mbwa na anaweka dripu. Siku ya ugonjwa taja kwa simu umri, uzito, chanjo, ameanza lini, ametapika na kuharisha mara ngapi, na dawa zote alizopewa, hata zile za jirani. Akiharisha damu, sema kabla ya kufika ili apokelewe mbali na mbwa wengine. Msafirishe kwenye boksi lililotandikwa nailoni. Nyumbani zoa kinyesi chote, kisha osha sakafu kwa jiki, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, iachwe dakika 10. Kwenye udongo kirusi hukaa miezi mingi, kwa hiyo usilete mtoto mwingine wa mbwa hapo kabla hajamaliza chanjo zote.