Kundi la WhatsApp la walimu: mitihani imejaa, kufundishana hakuna

Makundi mengi ya walimu wa somo huanza kwa kasi, kisha baada ya miezi michache hugeuka ghala la maazimio ya kazi (mipango ya ufundishaji), mitihani ya ujirani mwema (ya pamoja kati ya shule jirani) na salamu za asubuhi. Mafaili hayo yana faida, sibishi. Ila aliyepakua andalio la somo la mwenzake hajui wanafunzi walikwama wapi.

Kinachofundisha ni kosa la mwanafunzi. Tuseme, katika hesabu za sehemu, nusu ya darasa wameandika 1/2 + 1/3 = 2/5: wamejumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili. Piga picha ukurasa mmoja, jina la mtoto na la shule vikiwa vimefunikwa, kisha taja darasa, mada, ulivyofundisha na ulichokwisha jaribu. Ukiandika tu "naombeni msaada wa sehemu", utaletewa PDF ya kurasa 60. Ukituma kosa lenyewe, kuna atakayekuuliza: je, watoto walikunja karatasi mbili zinazolingana, moja vipande viwili sawa na nyingine vitatu sawa, wakaona kwa macho kwamba vipande havitoshani, kabla hujawaambia watafute KDS (kigawe kidogo cha shirika)?

Jaribu wazo hilo wiki hiyohiyo, urudi na picha ya pili. Makundi hufia hapa: ushauri unatolewa, mrejesho haurudi, na wanaoshauri wanachoka. Admini apange siku maalumu, mathalani Ijumaa saa 2 usiku, amwite aliyeuliza kwa jina.

WhatsApp huruhusu watu hadi 1,024 katika kundi moja. Kwa kazi hii naona 15 hadi 25 wanatosha, maana mbele ya mamia mwalimu mgeni hathubutu kuonyesha kwamba darasa lake halikuelewa. Mafaili yahamie Telegram, ambako anayejiunga leo anaweza kuona ya nyuma admini akiruhusu.

Ujumbe wa sauti usizidi dakika moja, na ufuatwe na mstari mmoja wa maandishi. Sauti haitafutiki kwa neno, na bando ni fedha. Picha ya ubao itume kama waraka (Document), kwa kuwa WhatsApp hubana picha na herufi ndogo hupotea.

Sura za watoto zisionekane bila ridhaa ya wazazi. Na karatasi yoyote inayodaiwa kuwa ya mtihani wa taifa usiisambaze kwingine. Admini aifute mara moja na kumwondoa aliyeituma.