Je, wajua? Kompyuta haisomi jina la kle yako ya Wi-Fi

Jirani yangu wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, alinunua kle mbili za Wi-Fi, vile vijiti vya USB vya kuipa kompyuta Wi-Fi: chapa moja, paketi moja, bei moja. Ya kwanza ikakubali draiva, yaani programu ya kuiendesha; ya pili ikakataa. Nikamwambia bila kusita: hii imekufa, irudishe sokoni. Muuzaji alikunja uso, na haki ilikuwa yake.

Niliamini paketi. Nilidhani draiva (wengi wetu huku tunaiita piloti) hutafutwa kwa jina lililoandikwa juu. Jina hilo ni la mwenye chapa. Chipu ya ndani mara nyingi hutengenezwa na kampuni nyingine, na mwenye chapa anaweza kubadili chipu akaacha jina lilelile, akaongeza tu "V2" (toleo la pili) kwa herufi za kuumiza macho.

Chukua mama wawili kwenye arusi, wamevaa kitenge kimoja. Mmoja anasema Kibemba, wa pili Kiluba. Ukiwatafutia mkalimani kwa kutazama kitenge, mmoja atabaki bubu. Draiva ni mkalimani kati ya chipu na Windows, na Windows haitazami kitenge. Kle ikichomekwa huulizwa wewe nani, nayo hujibu kwa namba mbili: ya mtengenezaji na ya kifaa. 0BDA, kwa mfano, ni Realtek. 8179 ni chipu yake RTL8188EU. Utaziona kwenye orodha ya vifaa ya Windows (Device Manager), ndani ya sifa za kifaa. Kwenye Linux andika amri lsusb kwenye terminal. Draiva itafute kwa hizo.

Zipo kle za ajabu zaidi: zikichomekwa zinajitambulisha kama CD! Ndani ya CD hiyo ya uongo mna draiva, na ikishawekwa kle inavua sura hiyo na kuwa Wi-Fi.

Windows ikikuonyesha kosa namba 28 kwenye sifa hizo za kifaa, maana yake draiva haipo. Namba 10, kifaa kimeshindwa kuanza, haina jibu moja: huenda draiva si yake, huenda tundu la USB halitoi umeme wa kutosha, huenda kweli imekufa. Badili tundu kwanza.

Na draiva ya intaneti utaipakuaje bila intaneti? Chomeka simu ya Android kwa waya, washa kushiriki intaneti kwa USB; kwa kawaida Windows huitambua yenyewe. Ndivyo tulivyofanya kwa ile kle "iliyokufa". Ilikuwa V2.