Reli ya kitanda inamkinga mtoto yupi?

Nilimwambia fundi mmoja wa soko la Gikomba nataka kitanda cha nne kwa sita chenye reli. Akanitazama kama mtu aliyeombwa chai yenye maji. "Kila kitanda iko na reli, mama. Bila reli chaga zitakaa wapi?" Akaupiga ubao wa ubavuni kwa kiganja ili nisikie ulivyo mgumu. Kwa lugha ya kazi yake alikuwa sahihi kabisa: ubao ule unaobeba chaga, mafundi wanauita reli.

Juma hilohilo jirani yangu, mama wa mtoto wa miezi saba, akaniita nione alichonunua kwenye mitumba. "Nimemwekea reli, sasa nitalala." Kitambaa cha wavu, fremu ya chuma, mkanda mmoja umekatika. Nimeisikia sentensi hiyo kwa wazazi wengi mno, na kila ninapoisikia moyo unashtuka, kwa sababu neno limebebeshwa kazi ambayo kifaa chenyewe hakiiwezi.

Maana kwanza. Reli ya kitanda ya mtoto ni kizuizi kinachofungwa ubavuni mwa kitanda cha kawaida, ili mtoto aliyelala akibingirika asianguke. Hiyo tu. Haigeuzi kitanda cha watu wazima kuwa kitanda cha mtoto mchanga.

Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiingereza, nacho kikalipata kwa Kifaransa cha kale, nacho kutoka Kilatini: regula, kijiti kilichonyooka. Rula ya mwanafunzi imetoka kwenye shina hilohilo. Kwa hiyo reli na rula ni ndugu, na katika asili yake reli ni ufito ulionyooka, haiahidi ulinzi wowote. Hapa Nairobi tulilijua kwanza kwa treni. Mji huu ulianza kama kituo cha reli mwaka 1899, na mpaka leo ukimwambia mtoto "reli" anawaza vyuma viwili juu ya mataruma. Ikiwa chuma cha treni ni reli, ubao wa chaga ni reli, na kizuizi cha mtoto ni reli, fundi wangu angejuaje ninataka ipi?

Tena Kiswahili hakikuwa na upungufu hapa. Kitanda cha zamani cha mwambao, kile cha kusukwa kwa kamba, kila mti wake ulikuwa na jina. Miguu ni matendegu. Miti ya ubavuni ni mifumbati. Ile ya kichwani na miguuni ni vitakizo. Ubao alioupiga fundi kwa kiganja ni mfumbati, jina lake lipo, sema tumeliacha. Mfumbati unabeba uzito wa mlalaji. Haujawahi kumzuia mtu asianguke.

Cha kumzuia kinatoka kwenye kitenzi kinga. Ukikinga jua, unaliziba lisikufikie. Mvua ikinyesha, unakinga maji kwa ndoo, yaani unayapokea yasimwagike. Neno moja, kuziba na kupokea. Humo ndimo lilimo neno ukingo: ukingo wa mto, ukingo wa kisima, ukingo wa kitanda. Napenda sana kwamba ukingo ni pale mtoto anapoweza kuanguka, na pia ni kile kinachosimamishwa pale asianguke. Kifaa hiki ningekiita ukingo bila kusita.

Lakini hata neno zuri linaweza kudanganya, kwa sababu ndoo inakinga maji ikiwa haina tundu. Na tundu la reli ya kitanda liko palepale mzazi asipotazama, kati ya godoro na reli.

Mtoto wa miezi saba hujisukuma kwa miguu usingizini. Godoro la sponji linabonyea pembeni, au linateleza kidogo upande wa pili, nafasi inafunguka. Miguu inaingia, kiwiliwili kinafuata, kichwa kinakwama juu na uso umebanwa kwenye godoro. Halii, kwa sababu hana pumzi ya kulilia. Mzazi aliye chumba cha pili anasikia kimya, anadhani ni usingizi. Kuanguka kunaumiza na kunapiga kelele. Huku kubanwa hakupigi kelele, na kunaua.

Ndiyo maana kanuni za Marekani zinalenga reli hizi kwa watoto wa miaka 2 mpaka 5, wanaoweza kupanda na kushuka kitandani bila kusaidiwa. Uingereza inaanzia miezi 18. Kipimo cha kweli ni mwili wa mtoto: akibanwa, ana nguvu na akili ya kujitoa? Kama bado, reli ni mtego.

Mtoto mchanga anahitaji kitu kingine kabisa, kile tunachokiita kot, kitanda chake chenye fito pande zote nne na godoro gumu, bapa, linalojaa mpaka kwenye fito. Fito zikaribiane kiasi kwamba kopo la soda halipiti katikati. Alazwe chali, bila mto wala midoli. Na wale wanaofunga vile vitambaa vinene vya sponji kuzunguka fito wakiviita "kinga", nawaomba wavitoe. Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku uuzaji wake mwaka 2022, kwa sababu uso wa mtoto unaweza kuzama humo.

Dabodeka, vile vitanda viwili vya kupandana, ni habari nyingine tena. Ule ukingo wa kitanda cha juu ni sehemu ya kitanda, haufungwi kwa mkanda, na hata ukiwepo mtoto wa chini ya miaka 6 hafai kulala juu. Huko Marekani kipimo ni angalau inchi 5 kutoka juu ya godoro. Juu ya godoro, si juu ya ubao. Watu wananunua kitanda na godoro la inchi 6, baadaye wanapata hela, wanaweka la inchi 10. Zile inchi 4 zimetoka kwenye ukingo, na hakuna aliyepima upya.

Kwa hiyo kwa fundi nilirudi na maneno mengine. "Nataka ukingo, fundi, na uupime kuanzia juu ya godoro, hili hapa." Nilikuwa nimelibeba kwa mkokoteni. Akachukua futi, akapima, akaniuliza mtoto ana umri gani. Swali hilo sikulipata mara ya kwanza.

Jirani nilizungumza naye polepole, sote tumekaa kwenye kitanda chake. Nilimwomba tulisukume godoro kwa magoti kuelekea upande wa pili. Lilisogea. Nikaingiza mkono penye wavu, ukazama mpaka kwenye kiwiko. Alinyamaza, kisha akamvuta mtoto mapajani. Nikamwambia reli yake haina ubaya, imekuja mapema tu, na ule mkanda ushonwe. Sasa iko juu ya kabati. Mtoto analala kwenye kot tuliyoazima kwa dada wa jirani, mtaa wa Umoja, na tuliijaribu kwa kopo la soda kabla ya kumlaza.