Casey Phair: yanayosemwa juu ya straika chipukizi wa Korea Kusini, na ukweli wake

Tangu Julai 25, 2023, jina la Casey Phair halitajwi bila umri wake kutajwa. Siku hiyo, jijini Sydney, kwenye Kombe la Dunia la wanawake, aliingia dakika ya 78 akitokea benchi dhidi ya Colombia, akiwa na miaka 16 na siku 26, na kuweka rekodi ya mchezaji mdogo zaidi wa mashindano hayo. Korea Kusini ililala 2-0. Bao la pili lilifungwa na Linda Caicedo, yule yule aliyekuwa na Colombia miezi tisa kabla ilipoitoa Serengeti Girls yetu kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 (U-17) kule India. Umri ni habari tamu, sikatai, lakini umeficha mambo mengi, na kwenye nafasi hiyo zimeingia dhana ambazo si za kweli.

Ya kwanza ni kwamba rekodi yake ni ya upande wa wanawake tu. Hapana. Hadi siku ile, hakuna mwanamume wala mwanamke aliyekuwa amecheza Kombe la Dunia la wakubwa akiwa mdogo kuliko yeye. Kwa wanaume anayeongoza ni Norman Whiteside wa Ireland Kaskazini, miaka 17 na siku 41, mwaka 1982. Hata Pelé alikuwa na miaka 17 na miezi saba alipocheza Sweden mwaka 1958. Na rekodi aliyoivunja Casey ilikuwa ya binti wa Afrika: Ifeanyi Chiejine wa Nigeria, aliyecheza mwaka 1999 akiwa na miaka 16 na siku 34, tena dhidi ya Korea Kaskazini. Chiejine alifariki mwaka 2019. Inaniuma kuona habari nyingi za Casey zilimpita kwa sentensi moja tu.

Dhana nyingine: "Huyu ni Mmarekani, Wakorea wamemwazima." Casey alizaliwa Korea Kusini mwezi Juni 2007, mama Mkorea na baba Mmarekani, akahamia Marekani angali mchanga na kukulia huko. Hakubadilishiwa uraia ili acheze. Na kabla ya kuitwa timu ya wakubwa alikuwa amekwisha kuvaa jezi ya Korea ya U-17 kwenye mechi za kufuzu Kombe la Asia, na kufunga.

Kwa upande wa pili, wapo wanaomsifu kupita kiasi kwa kusema ndiye mchanganyiko wa damu wa kwanza kuiwakilisha Korea Kusini katika soka. Yeye ni wa kwanza kwa timu ya wanawake ya wakubwa, na hilo ni kubwa katika nchi ambayo kwa miaka mingi ilijitazama kama watu wa damu moja. Lakini kwa wanaume, Jang Dae-il, ambaye baba yake ni Mwingereza, alikuwa kwenye kikosi cha Kombe la Dunia la 1998 kule Ufaransa.

Ninayoichukia zaidi ni hii: kwamba Colin Bell, kocha wa Korea wakati huo, alimwingiza ili aandikwe kwenye vitabu vya rekodi, basi. Anayesema hivyo hakuitazama mechi ya mwisho ya kundi, Agosti 3, kule Brisbane. Korea ilikuwa imefungwa mechi mbili, ya pili na Morocco 1-0, na mbele yao walisimama Ujerumani, mabingwa mara mbili wa dunia, waliokuwa wameifunga Morocco hiyo hiyo 6-0. Bell akampanga Casey tangu mwanzo. Dakika za mwanzo kabisa alipenya nyuma ya mabeki, akapiga, na kipa Merle Frohms akaugusa mpira ukagonga nguzo. Ujerumani walikuwa hawajatulia bado pale Cho So-hyun alipofunga dakika ya sita. Alexandra Popp alisawazisha, lakini mechi ikaisha 1-1 na Ujerumani wakaaga kwenye makundi kwa mara ya kwanza katika historia yao. Sare hiyo, pamoja na ushindi wa Morocco dhidi ya Colombia siku hiyo hiyo, ndiyo iliyowavusha Morocco kwenda 16 bora. Mwezi Oktoba mwaka ule ule, katika mechi za kufuzu Olimpiki, Casey aliifunga Thailand mabao matatu kwenye ushindi wa 10-1.

Je, aliyeanza mapema hivi ana uhakika wa kung'ara? Korea yenyewe ina jibu. Mwaka 2010 Yeo Min-ji, miaka 17, alifunga mabao manane kwenye Kombe la Dunia la U-17 kule Trinidad na Tobago, manne kati yake dhidi ya Nigeria katika robo fainali iliyoisha 6-5. Korea ikatwaa ubingwa kwa penalti mbele ya Japani, naye akaondoka na tuzo za mfungaji bora na mchezaji bora. Kisha yakaja majeraha. Mwaka 2015, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia la Kanada, goti lake liliumia na akaachwa nyumbani. Bao lake la Kombe la Dunia la wakubwa alilipata mwaka 2019 dhidi ya Norway, miaka tisa baada ya Trinidad, na lilikuwa bao pekee la Korea kwenye mashindano yale.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba klabu ya Angel City ya Los Angeles "ilimuuzia mtoto ndoto" kwa kumsajili Casey Januari 2024 akiwa na miaka 16, huwa nauliza kama msemaji anazijua kanuni. Aliposajiliwa, ligi ya wanawake ya Marekani ilikuwa na utaratibu maalumu wa walio chini ya miaka 18: mchezaji alipaswa kuishi na mzazi au mlezi wake, na klabu haikuweza kumhamishia klabu nyingine bila ridhaa yake. Mkataba wake ulisainiwa hadi 2026. Ni muda wa kutosha kwa straika wa umri ule kukaa benchi, kukomaa mwili na kujifunza kazi bila kukimbizwa.